Siku nzima njiani kwa ajili ya Injili: mafunzo ya imani yanatafutwaje bila kulazimishwa?

Swali, kutoka kwa Kiongozi wa Ibada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba mnisaidie kufikiri juu ya jambo ambalo nadhani wengi wenu mnaosafiri kwa kazi ya umisheni mmekwisha kukutana nalo.

Timu yetu ilikuwa safarini mchana kutwa kwenda kuhudumu katika kanisa lililo mbali nasi. Tuliondoka kabla ya mapambazuko, tukabadilisha gari, tukakaa mpakani kwa muda mrefu kwa sababu visanduku vya Biblia na vitabu vya watoto vilipaswa kufunguliwa na kukaguliwa kimoja baada ya kingine, na hatimaye gari la pili likaharibika tukiwa tumebakiza sehemu ndogo tu ya safari. Tulifika baada ya saa sita usiku, wenyeji wetu wakiwa bado macho wakitungoja. Njiani hatukumhubiria mtu, wala halikutokea jambo la ajabu ambalo ningeweza kulisimulia mbele ya kanisa. Kitu kimoja kidogo ndicho kilichonibakia: pale mpakani, kijana mmoja wa timu yetu, alipokuwa akirudisha vitabu kisandukuni, alimwona mama tusiyemfahamu ambaye zipu ya begi lake ilikuwa imekatika na nguo zinamwagika. Alikata nusu ya kamba tuliyokuwa tumefungia kisanduku, akamfungia yule mama begi lake, kisha akainama tena kupanga vitabu bila kusema neno.

Sasa, tuna desturi ya kuulizana katika ibada ya jioni Bwana amemfundisha nini kila mmoja wetu, na kesho ni zamu yangu kuongoza. Ninayaogopa majibu yaliyokaa tayari mdomoni, kwamba gari liliharibika ili tujifunze subira, au kwamba tulicheleweshwa mpakani ili tuepushwe na ajali iliyokuwa mbele. Huenda ni kweli, lakini hakuna aliyetuambia, nami sipendi kulitaja jina la Mungu juu ya jambo ambalo nimelikisia mwenyewe. Wakati huohuo, siko radhi siku nzima ihesabiwe kuwa muda uliopotea, kana kwamba Mungu alikuwa ametangulia kutungojea mwisho wa barabara, kwa maana Zaburi ya 121 inasema atatulinda tutokapo na tuingiapo. Ninyi mnafanyaje? Mafunzo ya siku ya namna hiyo yanatafutwaje kwa uaminifu?

Jibu, kutoka kwa Mchungaji Mstaafu

Mtumishi wa Mungu, hofu yako ni njema na ninakusihi usiiache haraka. Nimesikiliza shuhuda nyingi za safari katika utumishi wangu, na ninaamini kwamba madhara makubwa hutokea pale tunapomfundisha Mkristo mchanga kwamba kila gurudumu linalopasuka lina ujumbe wake maalumu. Siku atakapopatwa na jambo zito ambalo hawezi kulipatia maelezo, atadhani kwamba Mungu amenyamaza au kwamba yeye mwenyewe hana imani.

Mtazame Paulo, ambaye alisafiri na kuzuiwa kuliko wengi wetu. Katika Matendo 16 anazuiwa kulihubiri neno katika Asia (jimbo la Kirumi, si bara zima), naye Luka, mwandishi wa kitabu hicho, anasema waziwazi kwamba aliyewazuia ni Roho Mtakatifu. Katika 1 Wathesalonike 2:18 anawaeleza Wathesalonike kwamba alitaka kuwajia tena na tena, lakini Shetani akamzuia. Halafu katika Warumi 15 anawaandikia waumini wa Rumi kwamba alizuiwa mara nyingi asifike kwao, na ukisoma aya zinazotangulia utaona kwamba kilichomzuia ni kazi yenyewe, yaani kuihubiri Injili mahali ambapo Kristo hajatajwa bado. Basi mtu ni yuleyule, kuzuiwa ni kulekule, lakini maelezo ni matatu tofauti, na mtume hakuyachanganya. Ikiwa yeye alikuwa makini kiasi hicho, sisi tunapata wapi ujasiri wa kuamua jioni ileile, tukiwa bado na vumbi la njiani, ni nani aliyeliharibu gari na kwa kusudi gani?

Kuna aya nyingine ninayoipenda sana ambayo wahubiri huipita upesi. Katika Matendo 20:13 Luka anasema kwamba wenzake walipanda merikebu kutoka Troa kwenda Aso, lakini Paulo mwenyewe alitaka kwenda kwa miguu. Usiku uliotangulia hakulala. Alikuwa amezungumza hata alfajiri, kijana Eutiko ameanguka kutoka dirishani na kuinuliwa akiwa hai, na baada ya hayo yote anachagua kutembea mwendo wa takriban kilomita 30 hivi akiwaacha wenzake waende kwa maji. Kwa nini? Luka hasemi. Anaendelea kutaja Mitilene, Kio, Samo na Mileto, siku baada ya siku, pasipo kuweka fundisho hata moja juu ya bandari hizo. Roho Mtakatifu aliona vema orodha hiyo iwemo katika Maandiko jinsi ilivyo, nami napata faraja kubwa kwamba siku iliyojaa kusafiri tu ni sehemu halali ya kazi ya Injili hata kama haina hadithi ndani yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kesho uwaruhusu watu waseme, “Sijui kwa nini.” Sentensi hiyo ikisemwa mbele za Mungu kwa moyo mtulivu ni maombi kamili.

Jibu, kutoka kwa Dada Katekista

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, na ningependa kuongeza jambo kutoka katika malezi tuliyopewa, kwa kuwa nadhani linagusa swali lako moja kwa moja. Mtakatifu Ignasi wa Loyola, aliyeishi katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku yao mbele za Mungu kwa kile tunachokiita utafiti wa dhamiri. Mtu huanza kwa kushukuru, kisha huomba mwanga wa Roho, halafu huirudia siku saa kwa saa, akiona wapi alimwitikia Mungu na wapi alimkwepa, ndipo huomba msamaha na neema ya kesho. Angalia kwamba mwanga huombwa kabla ya kuitazama siku. Hatuanzi kwa kutafuta maana ya matukio, bali tunaanza kwa kukiri kwamba hatuoni vizuri.

Ukiipitia safari yenu kwa namna hiyo, swali linabadilika. Badala ya kuuliza kwa nini gari liliharibika, unauliza nilikuwa mtu wa namna gani lilipoharibika. Nilimjibuje dereva? Je, nilimwona afisa wa mpakani kuwa ni kizuizi tu, au ni mtu aliyesimama tangu asubuhi akifungua mizigo ya wageni? Nilipochoka, uchovu wangu ulimwangukia nani? Maswali haya yana majibu, na majibu yake hayahitaji kubahatisha mawazo ya Mungu.

Halafu niruhusu niseme juu ya ile kamba. Umeiandika kana kwamba ni jambo la pembeni, lakini mimi nimeisoma mara mbili. Kisanduku cha Biblia kilipungukiwa nusu ya kamba yake ili nguo za mama mmoja zisimwagike. Kijana huyo hakufikiri kwamba anafundisha mtu, na pengine hata hakumbuki. Nisingependa umsimamishe mbele ya wenzake na kumfanya kielelezo, kwa kuwa utamwondolea utamu wa kutenda kwa siri, ambao Bwana mwenyewe anausifu katika Mathayo 6. Lakini wewe uliyeona unaweza kushukuru kwa ajili yake faraghani, na unaweza kuwauliza wote swali jepesi: leo ulimwona nani akimtendea mwenzake wema? Kila mtu ataje tendo bila kumtaja mtendaji. Mimi hulitumia swali hilo na makatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, baada ya hija, na mara nyingi hupata zaidi kuliko nikiuliza walijifunza nini, kwa sababu mtu akiulizwa alijifunza nini hujitafutia sentensi nzuri, bali akiulizwa aliona nini hukumbuka.

Jibu, kutoka kwa Mwinjilisti wa Njiani

Shalom, ndugu zangu. Ninamheshimu Mchungaji, na yale aliyosema juu ya Paulo nayapokea, lakini ninaogopa tusije tukaukimbia moshi tukaangukia motoni. Wako waumini ambao kwa kuogopa kukisia wamefikia mahali ambapo hawategemei tena kwamba Mungu anaweza kuongoza safari kwa namna yoyote. Wanasali mwanzoni, wanashukuru mwishoni, na katikati ya hapo wanaishi kama watu ambao hawana Baba.

Matendo 16 hiyohiyo inatuonyesha njia. Paulo na wenzake walipita Frigia na Galatia, wakazuiwa kusema katika Asia, wakajaribu kwenda Bithinia, Roho wa Yesu hakuwapa ruhusa, wakatelemkia Troa. Huo ni mwendo wa mamia ya kilomita kwa miguu, nao hawakuambiwa waende wapi, bali waliambiwa tu wasiende wapi. Maelezo yalikuja Troa, katika maono ya mtu wa Makedonia. Tena angalia jinsi sentensi ilivyoandikwa katika aya ya 10: aliyeona maono ni Paulo peke yake, lakini walioona hakika kwamba Mungu amewaita ni “sisi”. Timu ilikaa pamoja ikapima, na ndipo ikafikia uhakika, ikaondoka mara moja. Basi uongozi wa Mungu upo, na unaweza kutambulika, ila hautambuliwi na mtu mmoja aliye na haraka ya kutoa ushuhuda.

Kwa hiyo mimi nisingewazuia watu kusema, “Nadhani Bwana alituchelewesha.” Ningewafundisha kusema “nadhani”, kisha wenzao wapime. Neno hilo dogo linailinda heshima ya Mungu na linailinda imani ya msemaji pia.

Jambo lingine ni kwamba mmesema hakuna aliyehubiriwa njiani, na nasikia huzuni kidogo katika maneno hayo. Filipo katika Matendo 8 hakuanza kwa kuhubiri. Alilikimbilia gari la towashi Mwethiopia, akasikia kinachosomwa, akauliza, “Je! Yamekuelea haya unayosoma?” Ni mwenye gari ndiye aliyemwomba apande aketi naye. Msafiri wa Injili anapaswa kuwa na masikio wazi na swali moja la adabu, na mlango ukifunguliwa aingie. Usipofunguliwa, hajashindwa.

Jibu, kutoka kwa Muuguzi wa Timu

Naandika kwa ufupi kwa sababu wengine wamesema mengi mazuri. Nimesafiri na timu za umisheni nikiwa mtu wa afya, na ombi langu kwa kila kiongozi wa ibada ni kwamba aitazame miili ya watu kabla hajaziuliza roho zao. Eliya alipokuwa amelala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumletea somo. Alimgusa, akamwamsha ale na anywe, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili na kumwambia kwamba safari ni kubwa mno kwake. Swali la Mungu, “Unafanya nini hapa?”, lilikuja baadaye sana, kule Horebu, baada ya siku 40 za mwendo. Na Yohana 4:6 inasema kwamba Bwana Yesu mwenyewe aliketi kisimani kwa sababu alikuwa amechoka kwa safari yake. Yohana hakuona haya kuandika hivyo juu ya Neno aliyefanyika mwili.

Mtu aliyekosa usingizi hulia upesi, hukasirika upesi na hudhani kwamba hisia zake zote ni sauti ya Roho. Ikiwezekana, ibada hiyo ifanyike baada ya watu kulala vya kutosha, wala isiwe ndefu.

Jibu, kutoka kwa Msomaji wa Historia ya Kanisa

Amani ya Bwana iwe nanyi. Nimefurahi kwamba mazungumzo yamegeukia mambo tunayoyaona kwa wenzetu, kwa sababu mojawapo ya safari za umisheni zilizoacha alama kubwa katika historia ya kanisa ilimfundisha mmisionari mwenyewe kupitia abiria wengine.

John Wesley, ambaye baadaye alianzisha Umethodisti, alikuwa kasisi kijana wa Kanisa la Uingereza alipopanda meli iitwayo Simmonds kwenda Georgia, akikusudia kuwahubiria wenyeji wa Marekani. Ndani ya meli hiyo kulikuwa na Wamoravian, Wakristo wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, na Wesley aliandika katika shajara yake kwamba aliwatazama kwa muda mrefu. Walifanya kazi za chini kwa ajili ya abiria wengine, kazi ambazo Waingereza hawakukubali kuzifanya, wakakataa malipo wakisema kwamba zinaifaa mioyo yao yenye kiburi. Waliposukumwa au kuangushwa, waliinuka wakaenda zao bila kulalamika. Kisha tarehe 25 Januari 1736, walipokuwa katikati ya ibada na zaburi imekwisha kuanzwa, bahari ilipiga, ikapasua tanga kuu na kuifunika meli. Waingereza walipiga kelele. Wamoravian waliendelea kuimba. Baadaye Wesley alimwuliza mmoja wao kama hakuogopa, akajibiwa kwamba hapana, anamshukuru Mungu, na alipouliza juu ya wanawake na watoto akaambiwa kwamba nao hawaogopi kufa.

Watu wengi husimulia dhoruba peke yake. Mimi naona kwamba dhoruba isingemgusa Wesley kiasi kile kama hangekuwa ameziona zile kazi za chini katika siku za kawaida za safari, siku ambazo hakuna kilichotokea. Utulivu wao katika hatari ulikuwa na mizizi katika mambo ambayo pengine wao wenyewe waliyasahau. Tena fundisho halikumkomaa jioni ileile. Alikaa Georgia, huduma yake ikapata matatizo mengi, na alipokuwa akirudi nyumbani mwanzoni mwa 1738 aliandika kwa uchungu kwamba alikwenda kuwaongoa wengine, lakini ni nani atakayemwongoa yeye. Ndipo mwezi Mei mwaka huohuo, jijini London, moyo wake ukapata hakika ya wokovu aliyoitafuta. Kutoka dhoruba hadi hapo ni zaidi ya miaka 2.

Ndugu Kiongozi, kama kesho watu hawatakuwa na la kusema, waombe waandike. Waandike mambo waliyoyaona, na waache nafasi chini yake. Wesley aliweza kurudi kwenye siku ile kwa sababu alikuwa ameiandika jinsi ilivyokuwa, kabla hajajua ina maana gani kwake.

Kutoka kwa Kiongozi wa Ibada

Ninawashukuru sana, Mchungaji, Dada Katekista, na ninyi nyote mliotumia muda wenu kunijibu. Nimeyasoma majibu yenu pamoja na msaidizi wangu, na tumekubaliana kwamba ibada ya kesho ihamishiwe alasiri, watu wakiwa wamepumzika, na kwamba hatutauliza tena Bwana amekufundisha nini. Tutatumia swali la Dada juu ya wema ulioonekana, bila kutaja mtendaji, na kila mmoja atapewa karatasi ya kuandikia. Atakayetaka kueleza sababu ya kuchelewa kwetu ataanza na “nadhani”, kama Mwinjilisti alivyoshauri.

Somo litakuwa Matendo 28:11–16. Baada ya kuvunjikiwa na merikebu iliyokuwa na watu 276, yeye akiwa mmoja wao, na baada ya miezi mitatu kisiwani, Paulo anakaribia Rumi, na ndugu ambao wengi wao hakuwa amepata kuwaona wanatoka mjini kwenda kumlaki mpaka Soko la Apio, mwendo wa zaidi ya kilomita 60, na wengine wanamngojea Mikahawa Mitatu. Luka anasema alipowaona alimshukuru Mungu, akachangamka. Nilipoisoma niliwakumbuka wenyeji wetu waliokesha. Nilikuwa nimewaandika katika swali langu kwa nusu sentensi tu, ilhali wao pia walikuwa na siku ndefu, hawakujua tuko wapi wala kama tuko salama. Nitawaomba wao ndio waanze kuzungumza, watueleze walivyotungoja na walivyotuombea, kisha timu ifuate.

Dereva wetu anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo hatakuwapo. Nakwenda kumwona sasa hivi kabla hajalala, nimwulize kama ana jambo ambalo angependa tumwombee.